Mwambie mama asiitoe ile TV ya chogo

Mbwana ndugu yangu,

Salaam aleikum. Huku Tanga hatujambo. Shangazi mguu umepoa, mvua zimeharibu tena barabara ya kwenu, na Mama Saidi anakusalimu na anauliza wale dagaa uliowaahidi tangu Idi wamepanda basi gani kutoka Mwanza. Hayo utajibizana naye mwenyewe. Mimi nina shida, na ni ya haraka.

Hamza kanambia mama anasafisha sebule kwa ajili ya harusi ya Zuhura, na ile TV ya chogo ameshawaahidi watu wa vyuma chakavu. Mpigie simu leo, tafadhali. Nikimpigia mimi atadhani nataka kwenda kuiuza, unamjua. Mwambie nitakuja na guta niibebe mwenyewe, na kile kitambaa alichokifuma nitakiacha palepale na maua yake ya plastiki juu.

Sasa usinicheke. Tulikuwa tunafagia stoo ya shangazi, nyuma ya magunia, tukaikuta gemu ya Rajabu. Ileile ya Dubai. Imegeuka njano kama meno ya mvuta sigara, kifuniko cha kaseti hakipo, lakini pedi zote mbili zipo, bastola nyeusi ipo, na ile kaseti iliyojisifu ina gemu 999999 ipo. Unakumbuka tulivyopoteza likizo nzima tukiiteremsha orodha, tukitafuta gemu mpya, kumbe ni Contra, vifaru, Mario, halafu Contra tena kwa jina jingine?

Nikaipeleka kwa fundi pale karibu na stendi ya zamani. Adapta ilikuwa imekufa, akanipa nyingine. Akasugua meno ya kaseti kwa spiriti. Nikamwambia sisi tulikuwa tunapuliza tu kwa mdomo inawaka. Akaniangalia vibaya, akasema mate yetu ndiyo yaliyoitia kutu.

Nikarudi nyumbani, nikachomeka kwenye flati ya sebuleni, nikahangaika na chaneli mpaka picha ikaingia. Nikachagua Bata, ile Duck Hunt ya kuwinda bata kwa bastola. Wallahi Mbwana, ule muziki ulipoanza nilimwita Mama Saidi kutoka jikoni kwa kelele, akaja na mwiko akidhani kuna nyoka. Mbwa akatoka, ananusa nyasi, akasimama, akarukia kichakani. Bata akaruka. Nikalenga, nikafyatua. Hakuna. Nikafyatua zote tatu. Bata anakwenda zake na mbwa anainuka na kile kicheko chake, mkono mdomoni. Nikasogea karibu. Nikaubandika mdomo wa bastola kwenye kioo kabisa, kama tulivyokuwa tunafanya Rajabu akitoka nje. Hakuna! Saidi akaniuliza, "Baba, mbona mbwa anakucheka wewe tu?"

Nikarudi kwa fundi nikiwa nimekasirika, nikidhani bastola ndiyo mbovu. Akanikalisha kwenye benchi. Kumbe bastola ile haitoi kitu, na haijawahi kutoa kitu. Ndani ya mdomo wake kuna jicho la kupokea mwanga. Ukivuta kifyatulio, gemu inafanya kioo chote kiwe cheusi kwa kitambo kidogo mno, halafu pale alipo bata panatokea kiboksi cheupe. Jicho likiona giza kisha weupe, umempata. Likiona giza tu, umekosa. Wakiwa bata wawili, viboksi vinakuja kwa zamu, ndivyo inavyojua umempiga yupi. Ule mmweko wa kila risasi, ambao Rajabu alituapia ni baruti, ndio huo. Na ndiyo maana kulenga balbu ya taa hakukusaidii: taa haina giza la kuanzia.

Tatizo la flati ni kwamba linaichukua picha, linaipika kwanza, ndipo linaionyesha. Mimi na wewe hatuoni kuchelewa kwenyewe, ni kudogo sana. Lakini bastola inachungulia saa ileile tu na haisubiri. TV ya chogo inachora mstari kwa mstari papo hapo gemu inapotuma, na mwanga wake una mpigo ambao bastola imetengenezwa kuutambua. Fundi akaniambia kwa huruma, kama daktari, "Hiyo gemu haina ugonjwa, mzee. Tafuta chogo."

(Huyu fundi anajua mambo. Anasema kampuni ya Nintendo waliitoa hiyo gemu ya Bata Japani mwaka 1984, na kabla yake, 1976, walikuwa na bunduki ya kuchezea ambayo bata wake anamulikwa ukutani. Nilimlipa soda kwa hilo.)

Basi, umeelewa kwa nini naitaka TV ya mama. Ila hilo si lililonifanya nikuandikie barua badala ya ujumbe wa simu. Sasa soma polepole.

Nimeendelea kucheza hivyohivyo bila kupata bata hata mmoja. Saidi amekaa chini, ameshika pedi, anabonyezabonyeza kwa utundu wake tu. Nikamwona bata anakata kushoto. Kwa ghafla, kama aliyeitwa. Nikamwambia Saidi, bonyeza kulia. Bata kulia. Juu. Bata juu! Mbwana, kwenye ule mchezo wa kwanza, wa bata mmojammoja, mwenye pedi anamwongoza bata.

Nikakaa kimya. Halafu nikakuona wewe, umejikunja pembeni ya meza, pedi tumboni, unasema "naishikilia waya usichomoke." Kila zamu yangu waya ulikuwa unataka kuchomoka. Zamu yako ikifika, pedi iko sakafuni na waya mzima.

Ubuyu wangu wote niliokununulia! Zile gololi za maji! Zamu zangu na zako za bomba, nani alikuwa anabeba ndoo? Nilidhani nina mkono mbovu. Nimeingia utu uzima nikiamini sina shabaha, hata kurusha jiwe kwenye embe namwachia mtu mwingine. Na kwenye Contra nako, pale maporomoko ya maji, ulikuwa unapanda mbio makusudi ili kioo kiniache mimi nidondoke huku chini. Lile nililiona tangu zamani, nikakusamehe. Hili la bata silijui kama linasameheka.

Gemu yenyewe ukiitazama leo ni kidogo, nikwambie ukweli. Mimi nilikumbuka msitu. Ni mti mmoja na kichaka kimoja. Bata kumi, risasi tatu kwa kila mmoja, basi, unaanza upya na wenzake wenye mbio zaidi. Saidi alichoka upesi akarudi kwenye simu. Lakini mimi bado naipenda kuliko Contra, nadhani kwa sababu mnaweza kuikodolea macho watu kumi chumba kimoja na kila mmoja ana ushauri. Bibi yako alikuwa anatoa ushauri hajui hata ni nini kile. "Mngoje akae!" Bata hakai, bibi.

Sasa nijibu. Ulijua tangu lini? Nani alikuonyesha, Rajabu? Na Rajabu mwenyewe, aliponishinda ule usiku wa umeme kukatika mara mbili, pedi alishika nani? Hamza alijua? Shangazi alijua? Usinambie shangazi alijua. TV ya mama ile tundu la antena lingali zima au ndilo lile mliloliunga kwa gundi? Desemba unakuja harusini au utasingizia kazi tena? Ukija tutacheza, na pedi itafungiwa kabatini. Na shemeji vipi, ameshajifungua? Mtoto gani, na mmempa jina la nani?

Ndugu yako,
Kombo

N.B. Dagaa wawe wakavu kweli. Safari ile walifika wananuka basi zima, na jina kwenye mzigo lilikuwa langu.