Kiwanda cha zamani kuwa ofisi: usianze na sakafu, anza na kuta

Mteja akitupeleka kwenye jengo la kiwanda cha zamani, swali lake la kwanza huwa ni moja: sakafu itahimili? Mara nyingi hilo si la kukunyima usingizi. Sakafu iliyobeba mashine za kufuma ilijengwa kwa uzito unaozidi kwa mbali meza na makabati. Tunaipima hata hivyo, maana kutu hula nondo ndani ya zege bila kuonekana. Ndiyo maana minara minne ya moshi ya Battersea Power Station, kituo cha zamani cha umeme jijini London, ilibidi ibomolewe na kujengwa upya kabla jengo halijafunguliwa mwaka 2022 likiwa na ofisi na maduka.

Kinachotuumiza kichwa ni kuta. Matofali ya zamani yaliunganishwa kwa chokaa, na chokaa hunyonya unyevu kisha huuachia utoke. Akija fundi mwenye haraka akapiga plasta ya saruji juu yake, maji hukosa pa kutokea. Hujipenyeza kwenye tofali lenyewe, chumvi huganda ndani, na uso wa tofali huanza kumomonyoka. Kuibandua plasta hiyo ni kazi kubwa kuliko kuipiga, na mara nyingi hubanduka na tofali. Kwa hiyo tukiona doa la unyevu hatugusi rangi. Tunapanda juu ya paa kwanza, tukague mifereji, ndipo tushuke kwenye msingi.

Madirisha ya vyuma vyembamba yasing'olewe kwa kuwa tu yanapitisha joto na baridi. Kiwanda cha Van Nelle, Rotterdam, kilichojengwa kati ya 1925 na 1931 kwa ajili ya kahawa, chai na tumbaku, leo ni ofisi. Ndani waliongeza kuta za pili za vioo, zile za nje zikabaki kama zilivyo.

Dari ndefu nazo zinapendeza (hata sisi tunazipenda), ila simu ya mtu mmoja itasikika ukumbi mzima. Tenga fungu la vibao vya kufyonza sauti mapema.

Ukituita, tuambie jengo lilikuwa likitengeneza nini. Mafuta huzama sakafuni, rangi za zamani huwa na madini ya risasi yenye sumu, na mabati ya asbesto bado yapo kwenye mapaa mengi. Bei hatutaji kabla majibu ya maabara hayajarudi.