Barua kwa kaka: binti yetu na chuo cha Durham

Durham, 16 Novemba 2025

Kaka,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila baridi imeshaanza kuuma. Wifi msalimie sana, mwambie ubuyu ulifika na umekwisha.

Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Unauliza binti yetu, akija kusoma huku Durham, kaskazini mwa Uingereza, atapata nini kwenye kimji hiki ambacho hatakipata London. Mimi si mwalimu, lakini huu ni mwaka wa tisa nawapakulia wanafunzi chakula, na ninayoyaona nitakuandikia.

Chuo Kikuu cha Durham kilianzishwa mwaka 1832, na kina koleji 17. Usizifananishe na mabweni ya Mlimani. Masomo yanafundishwa kwenye idara. Koleji ndiko anakolala, anakokula, na anakopata wenzake wa mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Moja iko ndani ya ngome ya kale ya Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa, na wanafunzi wanalala humo humo. Kupokelewa rasmi hufanyika katika Kanisa Kuu, jengo lililoanza kujengwa mwaka 1093, na akihitimu anarudi pale pale na joho lake. Wala Mwafrika si mgeni wa jana hapa: mwaka 1876 chuo cha Fourah Bay, kule Freetown, Sierra Leone, kiliunganishwa na Durham, na wanafunzi wake wakawa wakitunukiwa digrii za Durham. Siku nilipolisikia hilo nilisimama wima zaidi.

Mwaka jana kulikuwa na msichana aliyetoka mbali, mpole, kila asubuhi anachukua uji na ndizi. Siku mbili hakushuka. Mwenzangu wa jikoni ndiye aliyegundua, tukamwambia msimamizi, wakapanda wakamkuta kalala na homa kali, hana hata maji. Kaka, hilo ndilo ninalomtakia mwanangu: asipoonekana mezani, mtu aulize.

Kuhusu udaktari, hapa haupo. Mwaka 2017 ulihamishiwa Chuo Kikuu cha Newcastle. Ni kama robo saa kwa treni, ndiko ninakonunua unga wa ugali, lakini ni chuo kingine na ni ombi lingine. Ila yeye mwenyewe aliniambia kwenye simu kwamba roho yake iko kwenye Jiografia. Tangu mlipompeleka Mapango ya Amboni anauliza habari za mawe na maji. Idara ya Jiografia ya hapa ina sifa kubwa, na shahada ni miaka mitatu. Nakuomba umsikilize kabla ya kumkatalia.

Sasa fedha, maana sitaki uje kushtuka. Kwa mwaka wa masomo 2025/26, ada ya mwanafunzi Mwingereza ilikuwa pauni 9,535. Mgeni analipa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kwenye viza kuna malipo ya matibabu, pauni 776 kwa kila mwaka, na yote yanatakiwa kwa mkupuo siku ya kuomba. Fedha za kujikimu lazima zikae benki siku 28 mfululizo bila kupungua. Kazi anaruhusiwa saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula, basi asipange kujilipia ada kwa kuosha vyombo. Nimewaona waliojaribu, na masomo yaliwashinda.

Jambo moja baya la mji mdogo ni nyumba. Mwaka wa kwanza wengi wanakaa koleji, baadaye wanapanga mtaani, na nyumba ni chache. Watoto hawajamaliza hata muhula wa kwanza, tayari wanatia saini mkataba wa mwaka unaofuata na watu waliofahamiana nao juzi. Wenye nyumba wengi wanataka mdhamini anayeishi Uingereza. Hilo lisikunyime usingizi, nitamdhamini mimi.

Maombi yote yanapitia UCAS, ofisi ya pamoja inayopokea maombi ya vyuo vikuu vya Uingereza, na anaweza kuchagua hadi kozi tano kwa fomu moja. Kwa wanaoanza 2026, mwisho ulipangwa kuwa 14 Januari 2026. Kabla ya yote, aiandikie ofisi ya udahili aulize kama matokeo ya Kidato cha Sita yanamwingiza mwaka wa kwanza moja kwa moja, au itabidi apitie mwaka wa matayarisho. Jibu hilo linabadilisha hesabu yako yote.

Jumapili baada ya alasiri nitakuwa nyumbani. Mpe simu tuijaze fomu pamoja, na wewe kaa karibu usikie.

Mdogo wako