Barua ya wazi kwa Spika wa Bunge: jedwali la marekebisho saa tano usiku

Mheshimiwa Spika,

Pokea salamu kutoka Area D, hapa Dodoma. Nina steshenari hapa, mwendo wa bodaboda wa buku kutoka geti la Bunge. Niliifungua mwaka 2006, mwaka uleule ulipozinduliwa ukumbi mnaokalia sasa, nikiwa na mashine moja ya fotokopi ya mtumba na printa iliyokuwa inatafuna karatasi. Tangu hapo wewe ni Spika wa tano. Wateja wananiita Mama Steshenari, na Waheshimiwa nao wananiita hivyohivyo.

Nataka nikusimulie usiku mmoja wa Bunge la Bajeti, miaka michache nyuma. Nilikuwa nimeshavuta geti nusu. Ikasimama bajaji, akashuka Mbunge wa muhula wa kwanza, wa jimbo la mbali ambalo sitalitaja, ameshika muswada ndani ya mfuko wa plastiki. "Mama, samahani, najua unafunga. Naomba unichapie jedwali la marekebisho, kesho asubuhi nalipeleka." Jedwali hilo ndiyo karatasi ya kupendekeza kifungu cha muswada kibadilishwe. Alijua vizuri anachotaka. Kifungu kimoja kiliweka faini ambayo mama lishe wa jimboni kwake hawezi kuilipa hata akiuza sufuria zote, naye alitaka ipungue. Asichojua ni namna ya kukiandika. Yale maneno ya "kifungu kidogo cha (2) kifutwe na badala yake kisomeke" hayakuwa kinywani mwake, wala kinywani mwangu.

Bahati nzuri ndani alikuwamo kijana wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), amekuja kuprinti ripoti yake ya field. Tukamwomba. Akavuta kiti, akaanza kusoma muswada tangu ukurasa wa kwanza, maana alisema huwezi kugusa kifungu kimoja bila kujua kingine kinasemaje. Tulimaliza saa saba kasoro. Mheshimiwa alinilipa shilingi 4,500 na kumnunulia kijana soda. Kesho yake jioni alipita akiwa mnyonge. Asubuhi ile Serikali nayo ilikuwa imeleta jedwali lake, kile kifungu kikaandikwa upya na namba zikasogea. La kwake likawa linarekebisha kitu ambacho hakipo tena. Waliosema ndiyo wakashinda.

Mheshimiwa Spika, muswada wa Serikali umeandikwa na wanasheria waliosomea uandishi wa sheria. Waziri akiwa anajibu hoja, nyuma yake kuna katibu mkuu, wakurugenzi na makamishna, na vikaratasi vinamfikia kabla hajamaliza kukohoa. Mbunge wangu alikuwa na mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na printa.

Utanijibu kwamba Bunge lina maktaba, lina watafiti, lina wanasheria na ofisi ya bajeti. Najua, wengine ni wateja wangu pia. Lakini sasa nchi ina majimbo 272, na ukiongeza Viti Maalumu na wengine mnakaribia 400, na kamati zote zinawatazama watumishi walewale. Katibu wa Mbunge ni mmoja, naye yuko jimboni, mara nyingi kwenye chumba walichopewa ndani ya jengo la Mkuu wa Wilaya, anapokea watu wa misiba, ada za shule na mabati ya zahanati. Nani abaki Dodoma kumsomea Mbunge muswada?

Nikisema kijiweni kwamba Bunge letu ni maskini watu wananicheka. Wananionyesha mashangingi yaliyopaki Area D na kunitajia posho. Nami siwezi kuwabishia sana. Ila posho inaingia mfukoni mwa mtu, haimwongezei mtafiti hata mmoja. Kuna Bunge lenye Wabunge wenye nafuu na Bunge lenye uwezo, na hivyo ni vitu viwili. Kenya walianzisha ofisi yao ya bajeti ya Bunge mwaka 2007. Uganda waliiweka ya kwao ndani ya Sheria ya Bajeti ya mwaka 2001. Majirani hao hawajawa malaika, lakini Mbunge wao akitaka kumbishia Waziri wa Fedha anajua mlango gani wa kugonga.

Halafu kuna jambo la Fungu 42, yaani fungu la bajeti la Mfuko wa Bunge. Kila Aprili nafuatilia hotuba ya Waziri Mkuu redioni nikiwa kazini, na mwishoni anaomba fedha za ofisi yake na taasisi zake, kisha anaomba na za Mfuko wa Bunge. Ibara ya 63 ya Katiba inasema Bunge ndilo chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Sasa anayesimamiwa ndiye anayemwombea msimamizi wake hela ya kula. Ongeza Ibara ya 99, inayowafunga mikono Wabunge kwenye mambo ya fedha mpaka Rais apendekeze kupitia kwa Waziri, na Ibara ya 90, inayomruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Ndiyo maana wengi wanaishia kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani kuizuia mpaka ajibu hoja yao, wanabembelezwa, wanaiachia, kisha muda unaisha, gilotini inapita na mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa pamoja bila neno.

Kwenye ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ndiko muda unakotuibia zaidi. Hesabu za mwaka wa fedha zinafungwa Juni 30. Ripoti inamfikia Rais mwishoni mwa Machi, inawekwa mezani Aprili, na mjadala wenyewe, baada ya kamati za hesabu kufanya kazi yake, mara nyingi unakuja Novemba au hata baada ya Mwaka Mpya. Ni miezi 16 na zaidi tangu fedha ilipoliwa, na bajeti mpya imeshapita Juni. Mimi muuza karatasi nikifunga mahesabu yangu hivyo, mwenye nyumba atanitoa nje kabla sijagundua nimeibiwa.

Na si kwamba Bunge hili haliwezi. Februari 2008 kamati teule ya Dk. Harrison Mwakyembe ilipotoa taarifa ya mkataba wa umeme wa Richmond, Waziri Mkuu alijiuzulu. Wiki ile nilitoa kopi za taarifa hiyo mpaka mashine ikanuka moshi. Watu walinunua hata kurasa nusu. Kamati ile ilipewa kazi moja, muda, na watu wa kuwasaidia kuchimba nyaraka, na Wabunge wetu wa kawaida wakafanya kazi ambayo bado inakumbukwa. Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali nayo ilichimba hivyohivyo kwenye sakata la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow.

Zamani kulikuwa na jicho la pili. Waziri akisoma hotuba, waziri kivuli naye alisoma ya kwake, na hata kama hukuipenda, mtu fulani alikuwa amelipitia lile kabrasha kwa nia ya kutafuta kasoro. Kanuni zinataka asilimia 12.5 ya Wabunge ndipo iwepo Kambi Rasmi ya Upinzani, na tangu uchaguzi wa 2020 kambi hiyo haikuwepo. Uchaguzi wa Oktoba 2025, uliomwaga damu, hautuachii matumaini ya jicho hilo kurudi leo au kesho. Basi angalau Mbunge wa chama tawala anayetaka kuuliza swali gumu apewe mtu wa kumsaidia kuliandika.

Nitakuomba mambo ambayo hayahitaji jengo jipya, maana majengo mnayo. Kila kamati iwe na mchumi wake na mwandishi wake wa sheria, wa kudumu, si wa kuazimwa. Bajeti ya Bunge iwasilishwe na Tume ya Utumishi wa Bunge yenyewe. Serikali ikileta jedwali lake la marekebisho, Mbunge apewe walau siku moja ya kulisoma kabla ya kuhojiwa ndiyo au siyo. Na hati ya dharura, inayoruhusu muswada upitishwe haraka, iwe ya dharura kweli, na wananchi nao wapewe muda wa kutoa maoni. Juni 2023 wananchi waliitwa Dodoma kutoa maoni juu ya mkataba wa bandari na Dubai kwa tangazo la muda mfupi mno, na Juni 10 mkataba ukaridhiwa. Mtu wa Kigoma hakuwa na namna ya kufika.

Nikiri pia kwamba mambo mengine yamesogea. Kabla ya sheria ya 2021 iliyokifanya Kiswahili lugha ya sheria, Waheshimiwa walikuwa wanakuja na miswada ya Kiingereza kutafuta kijana wa kuwatafsiria, kisha wanaingia ukumbini kuijadili kwa Kiswahili. Kazi hiyo nimeipoteza na siisikitikii.

Yule kijana wa UDOM sasa ni wakili, ofisi yake iko mkoa mwingine. Mheshimiwa hakurudi bungeni. Mimi bado nipo, na mkutano ukianza nafunga saa sita usiku badala ya saa tatu, kwa sababu najua watakuja. Ningependa, Mheshimiwa Spika, wakija tena waje kuprinti tu.

Mama Steshenari,
Area D, Dodoma