Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, Umoja, Nairobi

Wapendwa wanajumuiya, Tumsifu Yesu Kristo.

Shughuli za kawaida mnazifahamu: Kampeni ya Kwaresima ilifanyika, misa ya mtakatifu somo wetu iliadhimishwa, wagonjwa walitembelewa, na viti vya plastiki, ambavyo nilivifuatilia mwenyewe hadi vikafika, sasa tunavyo.

Ninalolazimika kulieleza kwa kirefu ni kuhamishwa kwa sala ya jumuiya kutoka Alhamisi jioni hadi Jumapili saa nane mchana. Yamesemwa mengi, mengine nikiwa sipo. Uamuzi ulipitishwa na kamati, na kumbukumbu za kikao ziko kwa katibu. Siku ya Alhamisi, aliyetoka kazini akakwama kwenye foleni ya magari ya barabara ya Outer Ring alifika tukiwa tumeshaagana, na hivyo sala ikabaki ya akina mama peke yao, watoto wakiachiwa runinga. Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana hapa Nairobi mwaka 1976 na kuzipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele, sidhani walikusudia nusu ya familia. Wengi wetu tumeacha wajomba na shangazi mashambani. Mtoto akiugua usiku wa manane, anayebishiwa hodi ni mwanajumuiya, na mtoto huyo anastahili kumjua kabla ya kuugua.

Baba mmoja, ambaye kwa miaka alimshusha mkewe langoni na kumngoja ndani ya gari, sasa hutusomea Injili huku binti yake akimfuatishia mistari kwa kidole. Wanaodai kwamba Jumapili ni siku ya vyama na mapumziko wana haki ya kusema, ingawa wengi wao hata Alhamisi hatukuwaona.

Kuhusu ada ya shilingi 200 kwa mwezi, kati ya kaya 31 ni 12 tu zilizokamilisha. Pamoja na sadaka na michango tulipata shilingi 61,300, tukatumia 54,800, salio ni 6,500. Inasikitisha kwamba wanaodaiwa ndio wa kwanza kuuliza fedha za msiba zilikokwenda.

Mwaka ujao tunatumaini kwenda hija Subukia, kwenye kituo cha hija cha Bikira Maria, na familia zetu, Mungu akipenda na mfuko ukiruhusu, na pengine kuanzisha jambo kwa ajili ya vijana.

Sala ya Jumapili ijayo itakuwa nyumbani kwa mweka hazina, naye daftari la ada atakuwa nalo mezani.

Mwenyekiti