Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: petroli ya ziwani inalipia barabara

Mheshimiwa Waziri,

Tunaandika kutoka Mwanza, sisi tunaowapigia hesabu wenye mitumbwi ya dagaa na wachuuzi wa soko la Mwaloni, Kirumba. Ombi letu ni moja: kabla Muswada wa Sheria ya Fedha haujaingia bungeni, kila tozo ipimwe mkoa kwa mkoa, maana kiwango kimoja hakileti mzigo mmoja.

Chukua petroli. Mwaka 2021 tozo ya mafuta iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za mijini na vijijini. Mwaka 2023 zikaja 100 nyingine za miradi ya kimkakati. Mtumbwi wenye injini ya nguvu farasi 15 ukichoma lita 20 kwa usiku, nyongeza hizo mbili peke yake ni shilingi 4,000. Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikikolea watu hupumzika. Piga usiku 20 kwa mwezi: shilingi 80,000. Chombo chenyewe hakikanyagi barabara hata hatua moja. Isitoshe, bei kikomo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, kwa Mwanza tayari iko juu ya ile ya Dar es Salaam kwa sababu ya safari, na mafuta yakivushwa kwa madumu hadi kisiwa cha Ukara yanapanda tena.

Mwenye lori atapandisha gharama ya kubeba mzigo. Mvuvi atamsukumia nani? Bei ya dagaa asubuhi inafuata wingi wa walioingia usiku ule, na mnunuzi haulizi zimekwenda lita ngapi. Mara nyingi fedha ya mafuta hutolewa kwanza, ndipo mwenye mtumbwi na wavuvi wake wagawane kinachobaki. Tozo inamkata hadi kijana anayevuta nyavu, asiyemiliki hata kasia. Hilo ndilo linalotuuma.

Tafadhali msilete nafuu ya kurudishiwa kwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mialoni, mitumbwi inapotia nanga, petroli hupimwa kwa dumu na chupa, risiti hakuna, na nafuu hiyo itaishia kwa wakubwa. Bora ifuate leseni ya chombo: mvuvi akiihuisha, Hazina imlipe kwa simu kiasi kilichopangwa kulingana na nguvu ya injini. Mianya ipo. Injini moja huazimwa mitumbwi miwili, na mingine yenye leseni ni ya makasia. Kwa hiyo iandikwe namba ya injini pamoja na ya chombo, na BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, ihakiki mara mbili kwa mwaka.

Kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, nayo itazamwe. Ilipopanda mwaka 2023 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi, nyumba ya kawaida iliyobanana juu ya mawe ya Mabatini, hapa Mwanza, iliwekwa sawa na ya Masaki, mtaa wa matajiri Dar es Salaam.

Bajeti husomwa Juni na sheria huanza Julai 1. Jedwali la kupima tozo hizo mkoa kwa mkoa likitoka mwezi Machi, halmashauri za Ukerewe, Buchosa na Sengerema zitapata muda wa kulijibu kwa hesabu za mialo yao.