Muhogo Kilwa mwaka 1331?

Ndugu Mhariri,

Hivi karibuni niliketi na wenzangu wawili kuamua shindano la hadithi za watoto kuhusu Kilwa Kisiwani enzi za masultani. Karatasi ya alama tuliyopewa ilinisikitisha sana. Alama nyingi kuliko zote zilitengewa "mafunzo". Kwamba mtoto wa kwenye hadithi awe kweli mtoto wa zama zake, hapakuwa na hata alama moja.

Muswada ulioshinda unaanza na msichana anamenya muhogo, mama yake anakaanga nyanya, na nje mkarafuu unanukia. Mwaka ni 1331, ule aliofika Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyeandikiwa habari za safari zake. Muhogo na nyanya asili yake ni Amerika, na Mreno Vasco da Gama alikuwa hajapita pwani yetu mpaka 1498. Mikarafuu nayo ilikuja kustawishwa Unguja katika karne ya 19. Mwenzangu alisema hayo ni madogo, watoto hawatajua. Mimi hilo ndilo linaloniuma: mtoto hana pa kulinganishia, atakachosoma ndicho kitakachokuwa Kilwa yake. Na vyakula vya kuandika vipo. Katika safari hiyohiyo Ibn Battuta alikaribishwa Mogadishu wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu. Mtama na samaki pia vililiwa sana pwani.

Hata hivyo sikubaliani na mwamuzi aliyetaka kukata alama kwa sababu msimulizi ametumia neno "meza", ati ni la Kireno. Msimulizi anazungumza na mtoto wa leo, aachwe atumie Kiswahili cha leo. Tukague kilichopakuliwa kwenye sahani.

Muswada nilioupenda mimi unahusu mtoto wa fundi wa mitepe, vyombo vya kale vya baharini. Anashona mbao kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, mpaka vidole vinaota sugu. Siku moja anaona watu wanahesabiwa pamoja na pembe za ndovu, zawadi ya Sultani kwa mgeni. Anamuuliza baba yake wale ni akina nani. Baba anavuta kamba, anaikaza, hajibu. Waamuzi wenzangu walisema ukurasa huo hauwafai watoto wa miaka 12, na tena hauna funzo. Lakini Ibn Battuta mwenyewe anasimulia kuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifiwa kwa ukarimu wake, alimpa fakiri mmoja watumwa na pembe za ndovu. Nimefundisha watoto wa umri huo miaka mingi, na najua wangemwelewa yule baba aliyenyamaza.

Hadithi hiyo ilishika nafasi ya nne. Nawaomba waandaaji waiandike upya karatasi ya alama kabla ya shindano lijalo, na mezani pawepo mwamuzi mmoja aliyeisoma vizuri historia ya pwani.

Mwalimu mstaafu,
Lindi