Barua ya wazi kwa Gavana wa Nairobi: vikundi vya mitaani vinahitaji ruzuku, hata ikiwa ndogo

Kwa Mheshimiwa Gavana,
Kaunti ya Jiji la Nairobi.

MINT: KUANZISHWA KWA HAZINA YA RUZUKU NDOGO KWA VIKUNDI VYA KIJAMII

Mheshimiwa Gavana,

Ninakuandikia kuomba serikali yako ianzishe hazina ya ruzuku ndogo kwa vikundi vya kijamii vilivyosajiliwa katika wadi 85 za kaunti hii, na sehemu ya kila ruzuku itengwe waziwazi kwa ajili ya kukiimarisha kikundi chenyewe: kuweka hesabu, kulipa kodi ya chumba cha ofisi, kumlipa karani na kugharamia ukaguzi. Mimi ni mtunza hesabu kwa kazi yangu, na mwishoni mwa wiki huwasaidia waweka hazina wa vikundi vya Mukuru kwa Reuben na Kwa Njenga kupanga risiti zao. Ninayoyasema hapa nimeyaona katika madaftari yao.

Kikundi cha kawaida huku kwetu kina wanachama ishirini au thelathini, cheti cha usajili, akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na kazi ambayo jirani yeyote anaweza kukuonyesha: kituo cha kulelea watoto ambao mama zao wanafanya vibarua Industrial Area, uzoaji wa taka, au utunzaji wa wagonjwa wasioweza kutoka kitandani. Kikiomba fedha kwa mfadhili, kinaulizwa kwanza hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili au mitatu. Ada ya mkaguzi mwenye leseni huwa kubwa kuliko akiba yote ya vikundi vingi ninavyovijua, kwa hiyo ukaguzi haufanyiki. Kwa kuwa haukufanyika, maombi yanakataliwa. Na kwa kuwa yamekataliwa, mwaka unaofuata fedha za kumlipa mkaguzi hazipo vilevile. Kikundi kinaweza kuzunguka hivyo kwa miaka mingi huku kazi yake ikisifiwa na kila mgeni anayekitembelea.

Hata kile kinachobahatika huweza kuumia. Kikundi kimoja cha wazazi wa watoto wenye ulemavu kilipewa na mfadhili fedha za viti vya magurudumu na mazoezi ya viungo, kwa sharti kwamba hakuna hata shilingi moja itakayotumika kwa kodi ya chumba au posho ya mtu wa kuandika ripoti. Viti vilinunuliwa, watoto wakanufaika, lakini mweka hazina, ambaye anauza mboga tangu alfajiri, hakuweza kujaza fomu za Kiingereza za kurasa kadhaa kila baada ya miezi mitatu. Ripoti zilichelewa na awamu ya pili haikutolewa. Hakuna aliyeiba chochote. Risiti zote zilikuwapo, zimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, ila hapakuwa na mtu aliyelipwa kuzipanga.

Najua utaambiwa kwamba fedha za vikundi tayari zipo. Zipo kweli, lakini nyingi ni mikopo. Hazina ya vijana iliyoanzishwa mwaka 2006, ile ya wanawake iliyofuata mwaka 2007, Uwezo ya mwaka 2013 na Hazina ya Hustler iliyozinduliwa Novemba 2022, zote hukopesha, na mkopo unamfaa mwenye biashara itakayomrudishia mtaji pamoja na faida. Anayemwogesha mzee aliyepooza bila malipo atalipa mkopo kwa faida gani? Kuhusu misaada isiyo mikopo, ambayo mara nyingi hufika kwetu ikiwa mahema na viti vya plastiki vya kukodisha, nitasema tu kwamba hupendeza sana katika picha, na kwamba mitaa mingine sasa ina mahema mengi kuliko harusi.

Ombi hili lina uharaka wake. Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, na kufikia Julai mwaka huo shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Vikundi vidogo havikuwa vikipokea fedha hizo moja kwa moja. Vilipata kiasi kidogo kupitia mashirika makubwa, na mashirika hayo yalipopunguza wafanyakazi, vya mitaani ndivyo vilivyokatwa kwanza. Wakati huohuo masharti yanaongezeka. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 baada ya kungojewa zaidi ya miaka kumi na moja, inayataka mashirika yaliyosajiliwa chini yake yaweke hesabu sahihi na kutoa ripoti kila mwaka. Ni matakwa ya haki, lakini kikundi kinachotamani kukua hadi kufikia ngazi hiyo kitayatimiza kwa fedha gani?

Ninapendekeza ruzuku ya wastani wa shilingi 300,000 kwa vikundi viwili katika kila wadi. Hizo ni shilingi milioni 51 kwa mwaka, na katika bajeti ya kaunti inayozidi shilingi bilioni 40, hazifiki senti 13 katika kila shilingi 100. Theluthi moja iwe ya kukijenga kikundi, na mtunza hesabu mmoja ahudumie vikundi kadhaa vya wadi jirani ili gharama ipungue. Fomu ziwe za Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kikundi kisidaiwe mchango wa fedha taslimu. Saa za kujitolea za wanachama wake zihesabiwe kuwa mchango.

Nina hofu moja, nayo siwezi kuificha: orodha ya wanufaika ikiandikwa katika ofisi ya mwanasiasa yeyote, awe wa chama tawala au wa upinzani, hazina hii itazaa vikundi vya mkoba vinavyosajiliwa wiki moja kabla ya fedha kutolewa. Kwa hiyo kikundi kiwe kimefanya kazi angalau miaka miwili, kamati ya uteuzi isiwe na mwakilishi wadi wala wafanyakazi wake, na majina ya waliopata, pamoja na kiasi walichopewa, yabandikwe katika ofisi ya wadi.

Njia ya kisheria ipo. Sehemu ya 116 ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kuanzisha hazina kama hii kwa idhini ya kamati kuu ya kaunti na bunge la kaunti, na mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Ninaomba pendekezo hili liingizwe katika mpango huo, na rasimu ya kanuni zake ijadiliwe na wananchi katika kaunti ndogo zote 17. Waweka hazina ninaofanya kazi nao wamekubali kuleta madaftari yao mbele ya maafisa wako wa fedha, pamoja na kurasa zisizopendeza, ili kanuni hizo ziandikwe kwa kuzingatia hali ilivyo.

Wako mwaminifu,
Mtunza hesabu wa kujitolea,
Mukuru kwa Reuben, Embakasi Kusini.